NANI KACHOSHA, NANI KACHOKA? SARFU YA MADRASA NA KIINGEREZA CHA SHULE



Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetupa ndimi na akili ya kuzitumia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, nimeombwa niandike katika jarida letu la mwaka huu juu ya masomo ya shule na masomo ya madrasa. Nimechagua jambo dogo la sarufi ya Kiingereza. Jambo hili linawasumbua vijana wetu wengi hapa Mbeya, na liliwasumbua vilevile wale niliowafundisha Iringa kabla sijahamia huku. Nalo ni tofauti ya maneno kama "boring" na "bored", "interesting" na "interested", "confusing" na "confused". Hivi ni vivumishi vinavyotokana na vitenzi. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, linawapotezea wanafunzi alama, na wakati mwingine linawavunjia heshima mbele ya wenzao. Pili, ufunguo wa mlango huu wamekwishapewa hapa madrasani, ila wengi hawajui kuwa wanao mfukoni.

Asubuhi mimi hufundisha Kiingereza sekondari. Jioni, na siku za mwisho wa juma, hufundisha Kiarabu madrasani. Kwa hiyo kuna watoto ninaowaona mara mbili kwa siku: asubuhi wakiwa na sare ya shule, jioni wakiwa na kanzu na mitandio. Nimeona kwamba mtoto huyohuyo anaweza kuwa bubu asubuhi na msemaji jioni. Hilo ndilo lililonifanya nianze kufikiri.

BINTI ALIYETAKA KUACHISHWA MADRASA

Kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili. Kwa sarfu alikuwa hodari: ukimtajia "nasara" anakuchambulia mpaka mwisho bila kusita. Lakini shuleni alikuwa hainui mkono. Siku moja, katika mdahalo, aliulizwa kwa nini amekaa kimya. Akajibu kwa Kiingereza: "I am boring." Alikusudia kusema kwamba amechoshwa na mada. Darasa zima likacheka, na tangu siku ile wenzake wakamwita "Boring". Alipopita uwanjani waliliita jina hilo, na akaacha kabisa kusema Kiingereza mbele za watu.

Mama yake alinijia baada ya sala ya Alasiri. Akasema, "Ustadh, naomba mtoto apumzike madrasa mpaka amalize mtihani. Kiingereza kimemshinda, na watu wananiambia Kiarabu ndicho kinachomchanganya." Sikumlaumu mama yule. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto akiingia sekondari anakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Mzazi akiona mtoto anazama, hutupa mizigo ili chombo kielee, na mzigo unaotupwa kwanza mara nyingi huwa ni madrasa. Nikamwambia, "Mama, nipe jioni moja tu, kisha uamue."

Jioni ile nikaandika ubaoni maneno mawili: "kaatib" na "maktuub". Nikamwuliza binti tofauti yake. Akajibu upesi, "Kaatib ni ismu faa'il, ndiye mwenye kuandika. Maktuub ni ismu maf'uul, ndicho kilichoandikwa." Nikamwuliza, "Haya, somo linalomchosha mtu, liko upande gani?" Akafikiri kidogo, akasema, "Upande wa kaatib, Ustadh, kwa sababu ndilo linalofanya." "Na mwanafunzi aliyechoshwa?" "Upande wa maktuub, maana kafanywa." Nikaandika "boring" chini ya kaatib, na "bored" chini ya maktuub. Akayatazama maneno yale kwa muda, kisha akasema, "Kumbe niliwaambia kwamba mimi ndiye ninayewachosha wao!" Akacheka, na mama yake aliyekuwa ameketi nyuma akacheka pia.

Sitaki kusema kwamba tangu siku ile binti akawa bingwa wa Kiingereza. Aliendelea kukosea hapa na pale. Lakini alibaki madrasani, na shuleni alianza tena kuinua mkono. Kwa mwalimu, hilo halikuwa jambo dogo.

FAA'IL NA MAF'UUL TUNAZO MIDOMONI

Wanafunzi wangu, msidhani kwamba elimu hii ni ya vitabuni tu. Mnaitumia kila siku. Mkimwita "mwalimu", mmetaja ismu faa'il, maana asili yake ni "mu'allim", mwenye kufundisha. "Katibu" wa kamati ya msikiti ni mwenye kuandika. "Dhalimu" ni mwenye kudhulumu. Upande wa pili, "maarufu" ni mtu au kitu kinachojulikana, "maalumu" asili yake ni kilichojulikana, na tunapomwita mtu "marehemu" tunamwombea awe miongoni mwa waliorehemewa. Haya yote yako katika sura ya maf'uul.

Tazameni pia majina yenu. Naasir ni mwenye kunusuru. Mansuur ni mwenye kunusuriwa. Haadi ni mwenye kuongoza. Mahdi ni aliyeongozwa. Na jina tukufu la Mtume wetu, Muhammad (S.A.W.), ni mwenye kusifiwa sana: ni ismu maf'uul. Katika vitenzi vilivyozidishwa herufi, tofauti yote inakaa juu ya irabu moja. "Mu'allim" kwa kasra ni anayefundisha. "Mu'allam" kwa fatha ni anayefundishwa. Ukiteleza hapo, mwalimu amekuwa mwanafunzi.

Kiswahili nacho kinajua jambo hili. Mfungaji si mfungwa, na mpenda si mpendwa. Na hata lugha za hapa nyumbani zinalijua. Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyepigana na Wajerumani mpaka akafariki mwaka 1898, jina lake huelezwa kuwa ni kifupi cha Mkwavinyika, maana yake mwenye kutwaa nchi nyingi. Lingekuwa jina jingine kabisa kama lingesema aliyetwaliwa nchi.

Basi Kiingereza kinafanya kazi hiyohiyo kwa mikia miwili. Neno likiishia na "-ing" ni mwenye kutenda au kusababisha. Likiishia na "-ed" ni mwenye kutendwa au kupatwa. "Helping" ni kama naasir, "helped" ni kama mansuur. "Guiding" ni kama haadi, "guided" ni kama mahdi.

MTEGO UKO WAPI?

Kama jambo ni rahisi hivi, kwa nini wengi wanakosea? Kwa miaka mingi ya kusahihisha madaftari, nimeona kwamba makosa haya hayaji ovyo. Yana njia yake, na njia hiyo inaanzia katika Kiswahili chetu.

Mtoto akianza Kiingereza, anafundishwa mapema kwamba "ninakwenda" ni "I am going", "ninakula" ni "I am eating". Basi akilini mwake "nina-" imefungwa pamoja na "-ing". Akitaka kusema "ninashangaa", anaandika "I am surprising". "Ninachanganyikiwa" inakuwa "I am confusing". "Ninavutiwa na uuguzi" inakuwa "I am interesting in nursing". Kila mara amesema kinyume: kwamba yeye anawashangaza watu, anawachanganya watu, anawavutia watu.

Upande wa pili, amefundishwa kwamba "-me-" na "-li-" huenda pamoja na "-ed". Basi "matokeo yamesikitisha" anaandika "the results are disappointed", kana kwamba karatasi ya matokeo imekaa pembeni inalia. "Mchezo umesisimua" anaandika "the game was excited".

Mnaona tatizo? Mwanafunzi anatazama kichwa cha kitenzi cha Kiswahili, ile "na" au "me", wakati jibu liko mkiani. Vitenzi vyetu vya hisia huonyesha mkiani nani anasababisha na nani anapatwa. Tazameni jozi hizi:

Kuchosha ni "tiring"; kuchoka ni "tired".
Kushangaza ni "surprising". Kushangaa ni "surprised".
Kufurahisha ni "pleasing". Kufurahi ni "pleased".
Kuridhisha ni "satisfying". Kuridhika ni "satisfied".
Kuudhi ni "annoying". Kuudhika ni "annoyed".
Kuaibisha ni "embarrassing". Kuaibika ni "embarrassed".
Kutisha ni "frightening"; kutishika ni "frightened".
Kuvutia ni "interesting". Kuvutiwa ni "interested".
Kuchanganya ni "confusing". Kuchanganyikiwa ni "confused".

Kwa hiyo kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni hii. Kabla hujaandika, sema sentensi yako kwa Kiswahili. Ukisikia "-sha" au "-za" mkiani, au kitenzi kinachomfanyia mwingine, andika "-ing". Ukisikia "-ka" au "-wa", au kitenzi cha mtu aliyepatwa tu kama kufurahi na kushangaa, andika "-ed". "Ninashangaa", "nimeshangaa" na "nitashangaa" zote ni "surprised", kwa sababu mkia ni uleule. Wakati utaonyeshwa na "am", "was" au "will be", haubebwi na kivumishi.

Kanuni hii si ya kupata alama tu. Fikirini kijana anayeandika barua ya kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi au cha ualimu. Mstari wa kwanza tu kaandika "I am very interesting". Anayesoma ana barua nyingi mezani. Hataona moyo wa yule kijana wala miaka aliyohangaika. Ataona mtu anayejisifu kwamba anavutia sana, na huenda asifike mstari wa pili.

SI HABARI YA WATU NA VITU

Kuna kanuni moja ya mkato inayozunguka mitaani: eti mtu ni "-ed" na kitu ni "-ing". Kanuni hii inasaidia mara chache na inaharibu mara nyingi. Mtu anaweza kuwa mwenye kusababisha. Mzungumzaji anayerefusha hotuba mpaka watu wakasinzia ni "a boring speaker". Mama mwenye mapenzi ni "a loving mother". Mtu mwepesi wa kusamehe ni "a forgiving person", na kosa lililosamehewa ni "a forgiven mistake". Na kitu nacho kinaweza kufanyiwa: "a locked door" ni mlango uliofungwa kwa ufunguo, na "a torn exercise book" ni daftari lililochanika.

Basi usiulize, "Je, huyu ni mtu au kitu?" Uliza swali la sarfu: "Huyu ni faa'il au maf'uul?"

Hapo kumbukeni pia kwamba si kila neno la upande wa maf'uul huishia na "-ed". Kuna vitenzi vyenye sura zao wenyewe, na hivi ni vya kuhifadhi kama tunavyohifadhi sura fupi za juzuu Amma. Pikipiki iliyoibwa ni "a stolen motorcycle", kamwe si "stealed". Kikombe kilichovunjika ni "a broken cup". Mtihani wa kuandikwa ni "a written examination". Fedha iliyofichwa ni "hidden money".

MAHALI AMBAPO WAKATI UNAHUSIKA

Sasa lazima niseme ukweli kuhusu mpaka wa ufunguo wetu. Faa'il na maf'uul hufungua milango mingi, lakini si yote. Kuna vitenzi ambavyo havina wa kumfanyia, kama kuanguka. Hapo "-ing" huonyesha jambo linaloendelea, na sura ya pili huonyesha jambo lililokwisha.

Mmesafiri katika barabara kuu ya Tanzania na Zambia, mkapita mlima Kitonga kule Iringa, pale basi linapojikunja kona baada ya kona. Barabara ya namna ile ni "a winding road". Tuseme njiani kuna kibao kimeandikwa "Falling rocks". Dereva atazame juu, maana mawe huporomoka. Kikiandikwa "Fallen rocks", atazame mbele, maana mawe yamekwisha kulala barabarani. Vivyo hivyo katika misitu ya misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga: "a falling tree" ni mti wa kukimbiwa, na "a fallen tree" ni mti ambao mtu anaweza kuukalia akapumzika.

Mfano mwingine ni kimondo cha Mbozi, jiwe kubwa la chuma lililotoka angani, lenye uzito wa takriban tani 16. Wengi tulizoea kusema liko Mbeya, lakini tangu mwaka 2016 Mbozi imo katika Mkoa wa Songwe. Lilipokuwa angani lilikuwa "a falling stone". Leo watu wanapanda juu yake wakapiga picha, kwa sababu ni "a fallen stone".

Na mfano ulio karibu kuliko yote ni wa jikoni. "Boiling water" ni maji yanayochemka sasa hivi. "Boiled water" ni maji yaliyokwisha kuchemshwa, hata kama yamepoa mtungini tangu jana. Mgonjwa akiandikiwa "boiled water", apewe maji yaliyochemshwa, yakapoa, yakawa salama. Asipewe yanayotokota akaungua kinywa.

Lipo pia neno moja la kuhadhari. Mbuzi aliyepotea ni "a lost goat" au "a missing goat". Hapa "missing" imekwenda njia yake. Hakuna anayesema "a missed goat". Maneno kama haya ni machache. Mkikutana nayo, yaandikeni pembeni ya daftari.

FIMBO ISIYOTEMBEA

Vijana hunicheka ninapowauliza: "Je, walking stick ni fimbo inayotembea?" Ni swali la maana. Kuna maneno ya "-ing" ambayo si faa'il hata kidogo, bali yanaeleza kazi ya kitu. "Walking stick" ni bakora ya kutembelea. "Sewing machine" ni cherehani, mashine ya kushonea. "Frying pan" ni kikaango. "Drinking water" ni maji ya kunywa, si maji yanayokunywa! Dalili yake ni kwamba kwa Kiswahili utasema "cha kufanyia" au "ya kufanya". Ukilisikia hilo, liache neno lako na "-ing" yake na usilitafutie mtendaji.

VIUNGO NA MATAMSHI

Mkishapata sura sahihi, msiiharibu kwa kiungo kibaya. Kiswahili kinatosheka na "na": navutiwa na, nimechoshwa na, nimeridhika na. Kiingereza kina choyo zaidi, kila neno na rafiki yake. Ni "interested in", "bored with", "satisfied with", "worried about", "tired of", "frightened of". Dawa ni kuhifadhi neno pamoja na kiungo chake, kama mtu na kivuli chake.

Katika matamshi, sisi Waswahili tunapenda kila neno liishe kwa irabu, tukasema "boredi" na "tayadi". Neno "bored" lina silabi moja tu, na "d" inakatika mwishoni. Mkia ule unasikika kama "-id" pale kitenzi kinapoishia na sauti ya "t" au "d", kama "interested" na "excited". Lakini mtaalamu mwenye elimu kubwa huitwa "a learned man", na hapo "learned" husomwa kwa silabi mbili, "len-id". Mkimsifu sheikh wenu kwa Kiingereza, msifuni kwa silabi mbili.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu wapenzi, ninawasikia wawili wakibishana. Mmoja anasema Kiingereza ni cha dunia, mtoto akae madrasani tu. Mwingine anasema Kiarabu hakimpi mtoto kazi, akakae tuisheni tu. Wote wawili naomba mtazame nyuma.

Zayd bin Thabit (R.A.), kijana wa Madina aliyekuwa mwandishi wa wahyi, imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi ili asome na kuandika barua zao kwa uaminifu. Akajifunza kwa muda mfupi. Hakuambiwa aache Qur'ani, wala hakuambiwa lugha ya wengine si kazi yake.

Na Abul Aswad ad-Du'ali, aliyeishi Basra katika karne ya kwanza ya Hijra, na ambaye wengi humtaja kuwa ndiye aliyeanzisha elimu ya nahau, husimuliwa kwamba binti yake aliitazama mbingu usiku akataka kusema, "Ni nzuri kiasi gani mbingu!" Akateleza irabu, ikawa kama anauliza, "Ni kitu gani kizuri zaidi mbinguni?" Baba yake akamjibu, "Nyota zake." Binti akasema hakuuliza, alistaajabu. Husemwa kwamba kisa hicho ni miongoni mwa mambo yaliyomsukuma baba kuweka kanuni. Angalieni: mtoto aliteleza, baba hakumcheka wala hakumpa jina la utani. Alikaa chini akatengeneza njia ili wengine wasiteleze. Ndivyo inavyotupasa sisi walimu, na ndivyo inavyowapasa ninyi wanafunzi mnaosoma pamoja. Anayemcheka mwenzake akasababisha anyamaze mwaka mzima, naye ni faa'il, na kitendo chake kina hesabu.

Hapo kuna adabu moja ya ulimi. Ukisema "This lesson is boring", umeliweka kosa juu ya somo na mwalimu wake. Ukisema "I am bored", umeeleza hali yako tu, na pengine sababu ni usingizi wako wa jana. Kabla hujachagua mkia wa neno, jiulize kwanza kama lawama unayoitoa ni ya haki.

ZOEZI DOGO

Chagueni neno sahihi. Msitazame majibu kwanza.

1. The journey from Iringa to Mbeya was (tiring / tired).
2. My grandmother was (tiring / tired) when she got off the bus.
3. We were (surprising / surprised) to see frost on the grass.
4. The Form Four results were very (pleasing / pleased).
5. Give the child (boiling / boiled) water to drink.
6. The police have found the (stealing / stolen) motorcycle.
7. I am (interesting / interested) in becoming a nurse.
8. Nobody understands him; he is a (confusing / confused) speaker.

Majibu: 1 tiring, 2 tired, 3 surprised, 4 pleasing, 5 boiled, 6 stolen, 7 interested, 8 confusing.

Aliyekosa la 8 arudie sehemu ya watu na vitu. Aliyekosa la 5 asitumwe jikoni peke yake! Na wale wakubwa wenye wadogo zao nyumbani, wafundisheni kwa njia hii ya mikia, kwani elimu haipungui kwa kugawiwa.

Namwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu vifua vyao, azifanye nyepesi ndimi zao katika kila lugha ya kheri, na ajaalie elimu yao ya shule na ya madrasa visaidiane, visipigane. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.